Mfano wa Saba

Wasimamizi wa tasnifu hawasomi viambatisho. Watakana, wataapa, lakini hawasomi. Utangulizi wanausoma kwa makini, sura ya kwanza wanaisoma na kalamu nyekundu mkononi, sura ya pili wanaipitia, na wakifika kwenye kiambatisho wanatafuta mahali pa kutia saini. Dokta Batuli Muharami alikuwa mwalimu mzuri kuliko wengi pale chuoni kwake Mbeya, ila kwa hili hakuwa na tofauti na wenzake. Ndiyo maana ilikuwa Jumatatu, siku tatu tu kabla ya mwanafunzi wake Obeid kutetea tasnifu, alipoufungua ukurasa wa sitini na moja kwa mara ya kwanza.

Na hata hapo hakuufungua kwa kupenda. Mkuu wa idara, Dokta Gerson, alichungulia mlangoni mwa ofisi yake asubuhi, amejikunyata ndani ya koti zito kwa baridi ya Juni, akamwambia ripoti ya mtahini wa nje imefika.

"Profesa Veneranda anakuja Alhamisi na ndege ya asubuhi," alisema. "Tasnifu ameisifia sana. Ila ana swali moja, ukurasa wa sitini na moja."

"Swali gani?"

"Hajaandika. Anasema atamwuliza mtahiniwa mwenyewe." Gerson alipunguza sauti, ingawa korido ilikuwa tupu. "Na faili lako liko mezani kwa kikao cha Jumatatu ijayo. Safari hii unapita, Batuli. Ile makala yako imekubeba."

Batuli alikuwa amesubiri miaka tisa kuwa mhadhiri mwandamizi. Mara mbili faili lake lilirudishwa kwa maelezo kwamba machapisho hayatoshi, na mara zote mbili alikwenda nyumbani akajifungia chumbani akalia, kisha asubuhi akaja kufundisha. Makala aliyoitaja Gerson ilimchukua miaka minne kuiandika. Alishukuru, akasubiri nyayo za mkuu wa idara ziishie mwisho wa korido, ndipo akavuta nakala ya tasnifu.

Hapa hesabu haikwepeki, lakini itaelezwa mara moja tu, na itaelezwa kwa lastiki, kama Batuli alivyokuwa akiieleza darasani. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa Sokomatola, na lastiki ya kushonea magauni aliiuza kwa mita. Chukua lastiki ndefu isiyo na mwisho. Bana nukta moja isisogee, kisha vuta pande zote mbili. Hicho ni kitendo kimoja. Ilegeze ijikunje kidogo, nukta ikiwa bado imebanwa. Hicho ni kingine. Bana nukta nyingine uvute tena. Au usivute kabisa, isogeze lastiki nzima kulia au kushoto. Vitendo vyote vinavyobana nukta fulani vinaishi nyumba moja. Vile vya kusogeza tu vina nyumba yao. Hakuna kitendo chenye nyumba mbili, isipokuwa kile cha kutofanya lolote, ambacho kina mlango kila mahali. Vitendo vyote kwa pamoja wanahesabu wanaviita kundi la Lie, kwa jina la mwenzao mmoja wa zamani, na kuligawa kundi katika nyumba za namna hiyo wanakuita mgawanyo.

Sasa kila kitendo kiite nukta, na kila nyumba iite mstari. Ihamishe nyumba huku na huku, upate mistari mingine iliyo sambamba nayo. Tayari una jiometria. Nukta mbili zozote zina mstari mmoja tu unaozipitia, kama tulivyofundishwa shuleni. Limebaki swali moja: mistari miwili isiyo sambamba, je, ni lazima ikutane? Batuli alikuwa amethibitisha kwenye makala yake kwamba ndiyo, ilimradi vipimo vya nyumba mbili, yaani namba ngapi zinahitajika kukitambulisha kitendo, vikijumlishwa vifikie kipimo cha kundi zima. Uthibitisho ulikuwa wa mistari sita, safi, na dai lenyewe Obeid katika sura ya tatu ya tasnifu yake aliliita Lema ya Batuli, lema ikiwa kanuni ndogo ya kusaidia kuthibitisha kubwa. Batuli alijifanya kukataa jina hilo, kisha akaliacha.

Ukurasa wa sitini na moja ulikuwa na kichwa kifupi, *Mfano wa 7*, na mchoro uliochorwa kwa mkono na rula. Chini kulikuwa na mstari mzito ulioandikwa "ukingo"; kimo cha nukta juu yake ndicho kilichokuwa kiasi cha kuvuta. Juu yake kulikuwa na mistari miwili iliyoinamiana, ikishuka kila mmoja kumkaribia mwenzake, ikakatika kwenye ukingo kabla haijagusana. Chini ya mchoro kulikuwa na sentensi moja tu: *Kwa kuwa lastiki hailegezwi mpaka ijikunje yote iwe nukta moja, nukta zote za kundi ziko juu ya ukingo.* Hakukuwa na "kwa hiyo". Hakukuwa na maelezo mengine yoyote.

Batuli aliutazama mchoro, akachukua karatasi, akafanya hesabu. Akaifanya tena kwa namba nyingine. Mistari ile haikuwa sambamba. Na haikukutana. Ingekutana chini ya ukingo, na chini ya ukingo hakuna kitu, hakuna hata nukta moja. Vipimo vilikuwa moja na moja, na kundi lilikuwa la vipimo viwili, sawasawa kabisa na sharti la lema yake. Lema ilikuwa ya uongo.

Alijua palepale kosa lilikotoka, na hilo lilimuumiza zaidi. Shahada yake ya pili aliifanya kwenye makundi yenye idadi, ambako unahesabu vichwa tu: hawa saba, wale saba, saba mara saba arobaini na tisa, kundi limejaa, hakuna aliyebaki nje. Alipohamia kwenye makundi ya Lie alikuja na mazoea yake, akavihesabu vipimo kana kwamba anahesabu vichwa. Moja na moja ni mbili, ndiyo, lakini hiyo mbili haijazi kundi lote, inajaza sehemu tu. Waliomhakiki jaridani hawakuona. Yeye mwenyewe hakuona kwa miaka mitatu.

Akarudi sura ya tatu. Obeid alikuwa ameitaja Lema ya Batuli kwa sifa nyingi, aya nzima ya sifa, na baada ya hapo hakuitumia tena. Nadharia kuu ya tasnifu aliithibitisha kwa njia ndefu iliyopita mbali kabisa na lema ile, kama mtu anayempa mzee kiti cha mbele mkutanoni halafu asimwombe ushauri. Batuli alishika kichwa. Kijana alikuwa anajua. Sijui ni kipi kilichomchoma zaidi, kosa au heshima ile.

Kwa desturi mwanafunzi ndiye anayemfuata mwalimu. Lakini Jumanne saa kumi na mbili asubuhi Batuli alikuwa ndani ya basi la Iringa, akijiambia kwamba mambo kama haya hayazungumzwi kwenye simu. Alichokuwa anakwenda kukisema hasa hakukijua. Walipofika Mafinga ndipo alipompigia Obeid, akamwambia yuko njiani anakuja Kalenga.

Obeid alikuwa mwalimu wa sekondari huko Kalenga, kwa sasa yuko kwenye ruhusa ya masomo, akiishi na mama yake, Tekla, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma iliyozungukwa na mahindi makavu yanayosubiri kuvunwa. Mama alitoka mpaka barabarani kumpokea mgeni, akakunja goti, ingawa ndiye aliyekuwa mkubwa kwa miaka mingi.

"Kamwene, mwalimu, kamwene," alisalimu kwa Kihehe, akimshika Batuli mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu wa mwanangu ni mwalimu wangu. Karibu ndani, baridi hii."

Kabla maji ya kunawa hayajafika mezani, Batuli alikuwa ameshaarifiwa kwamba Obeid ana miaka thelathini na tatu, hajaoa, na kwamba kama chuoni kuna binti mwenye adabu anayeweza hesabu, Kalenga si mbali. Obeid alisimama pembeni na birika la maji, masikio yamemwiva. Kisha ukaletwa ugali, na kuku mzima wa kienyeji kwenye bakuli lenye kifuniko.

"Kula bila wasiwasi, mwalimu," alisema Tekla. "Hiyo kuku amechinja Hamza wa dukani. Huyu ulipompigia tu, alitoka mbio mpaka kule kwa Hamza, akamwambia mwalimu wangu Mwislamu, funga duka uje utuchinjie. Na sufuria nimesugua upya kwa majivu, usione shaka."

Batuli alishukuru. Alimega tonge akalishika mkononi bila kulipeleka kinywani. Watu hawa walikuwa wamefunga duka la watu ili yeye ale kwa amani.

"Huyu Novemba alikonda," Tekla aliendelea. "Nikampeleka zahanati, wakapima malaria, hamna. Nikasema basi ni msichana. Kumbe hesabu! Nikamwambia, we si una mwalimu, si umwulize? Akanijibu, mama, hiyo ndiyo siwezi kumwuliza yeye." Alimtazama mwanawe, akamtazama mgeni, akaona jambo, maana akina mama huwa wanaona. "Haya, mimi naenda kuangalia maharage yangu kule shambani," alisema, akatoka.

Walikaa. Jogoo wa jirani aliwika mara mbili.

"Ukurasa wa sitini na moja," Batuli alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Tangu Novemba?"

"Tarehe kumi na mbili."

"Kwa nini hukuniambia, Obeid?"

Obeid alikunja leso aliyokuwa anafutia mikono, akaikunjua. "Ningeanzaje, Mwalimu? Wewe ndiye uliyenifundisha mgawanyo ni nini. Mwanzoni nilidhani nimekosea mimi. Nikarudia wiki tatu nzima. Nilipoona sijakosea, ikawa mbaya zaidi."

"Ukaificha kwenye kiambatisho."

"Sikuificha!" Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Niliiweka mahali utakapoiona wewe kwanza. Nikasema utasoma, utaona mwenyewe, utaandika jaridani kurekebisha, na mimi nitakuwa sijasema kitu. Hutakuwa umeambiwa na mwanafunzi. Nilisubiri tangu Januari. Ukairudisha tasnifu imetiwa saini, nikajua labda bado unafikiria."

Batuli angeweza kukubali kwamba alikuwa anafikiria. Ingekuwa rahisi. "Sikuusoma," alisema. "Nilitia saini tu."

Obeid aliiweka leso mezani. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba mchungaji wake hafungui Biblia. Batuli aliona aibu kiasi cha kutaka kuondoka palepale bila kuaga.

"Mtahini ameuona," alisema. "Atakuuliza Alhamisi."

"Nilijua anaweza kuuona. Nimeshapanga." Sauti yake ilikuwa tulivu sana, ya mtu aliyelala na uamuzi wake siku nyingi. "Nitasema nilinakili lema vibaya. Nitasema kwenye makala yako kuna sharti la ziada, mimi nikaliruka. Kosa la mwanafunzi."

"Hakuna sharti la ziada. Akiisoma makala ataona."

"Atasoma akirudi Dar. Jumatatu itakuwa imepita."

Kumbe alijua na hilo la Jumatatu. Kila mtu chuoni alijua, na Obeid hakuwa mjinga.

"Watakurudisha uandike upya," Batuli alisema. "Na ruhusa yako ya masomo inaisha mwezi huu. Hawatakupa nyingine, uliniambia mwenyewe."

"Mwalimu, mimi nafundisha kidato cha pili. Nikikosa, nitarudi kufundisha kidato cha pili. Sitapungukiwa sana. Wewe ndiye umesubiri miaka tisa."

Hapa ndipo Batuli alipotakiwa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto analiweza. Alikuwa amesafiri saa sita, amelishwa kuku wa mama wa watu, mbele yake ameketi kijana anayejitolea kuiunguza shahada yake ili yeye asiaibike, na alichokisema yeye ni, "Tutaona."

Tutaona! Ukisikia mtu mzima anasema tutaona, ujue ameshakubali na anaona haya kukiri. Obeid alielewa hivyo, akaitikia kwa kichwa, akamsindikiza mpaka kituoni akiwa amembebea mfuko wa maharage aliotoa Tekla. Batuli alilala Iringa, akarudi Mbeya Jumatano na maharage yake. Alifungua kompyuta akaandika barua kwa mhariri wa jarida, mistari minne, akaisoma, hakuituma. Alijichukia siku nzima.

Alhamisi saa nne, chumba cha mikutano cha idara kilikuwa na watu wanne. Gerson alikaa mbele kama mwenyekiti. Profesa Veneranda, mwanamke mfupi aliyevaa miwani yenye kamba shingoni, alikaa kuliani kwake na nakala iliyojaa vikaratasi vya njano. Obeid alisimama karibu na ubao, amevaa suti ambayo mabega yake hayakuijaza. Batuli alikaa nyuma kabisa, kwa sababu ndivyo kanuni inavyotaka: msimamizi anaruhusiwa kuwapo, haruhusiwi kusema.

Obeid aliwasilisha kwa dakika ishirini, kwa Kiingereza kilichonyooka, na aliwasilisha vizuri mno. Kanuni aliyoithibitisha ilikuwa hii: mistari yote isiyo sambamba hukutana pale tu ambapo vitendo havijali mpangilio, ambapo kufanya hiki kabla ya kile au kile kabla ya hiki ni mamoja. Batuli alijikuta anasahau hofu, akamsikiliza kwa furaha. Lema ya Batuli aliitaja mara moja, kwa heshima, akaipita.

Maswali yalipoanza, Profesa akahamia Kiswahili, kama wanavyofanya watu wanapotaka kusema jambo la kweli.

"Ukurasa wa sitini na moja," alisema. "Kijana, huu mchoro unapingana na lema yako ya sura ya tatu. Umeona?"

"Ndiyo, Profesa."

"Kimoja ni uongo. Kipi?"

"Lema, Profesa. Nilinakili vibaya. Kwenye makala kuna sharti moja, mimi nililiacha." Alimeza mate. "Kosa ni langu."

Veneranda alivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Hilo ni kosa kubwa kwa mtu aliyeandika yote haya. Mtu anayejua kuchora mchoro huu hawezi kunakili vibaya mistari sita. Ama hukuelewa ulichokichora, ama kuna kitu unanificha. Kwa vyovyote vile siwezi kuipitisha hivi. Mwenyekiti, nadhani tunazungumzia kuandika upya."

Gerson akachukua kalamu. Obeid akainamisha kichwa, wala hakuonekana kushangaa.

Batuli alisikia kiti chake kikikwaruza sakafu kabla hajajua kwamba amesimama.

"Hakunakili vibaya," alisema. "Lema ni yangu, na iko hivyo hivyo kwenye makala."

"Dokta," Gerson alisema kwa upole, "msimamizi hazungumzi."

"Najua hazungumzi. Makala imechapishwa kwa jina langu. Hakuna sharti la ziada. Lema ni ya uongo tangu mwanzo."

"Si kweli, Profesa!" Obeid alisema kwa haraka. "Mwalimu ananitetea tu. Ni mimi."

"Ni mimi, Obeid."

"Mwalimu, tafadhali."

Veneranda aliwatazama kwa zamu, akarudisha miwani machoni. "Miaka ishirini na mbili ya utahini," alisema, "nimeona watu wanasukumiana makosa. Wanaoyagombania sijawahi kuwaona."

Gerson aliweka kalamu chini. Alikuwa amekunja uso, na haukuwa uso wa mkuu wa idara, ulikuwa wa rafiki. "Batuli. Unakumbuka Jumatatu kuna nini."

"Nakumbuka. Andika kwenye kumbukumbu za kikao. Faili langu nitaliondoa mwenyewe leo." Alitaka kukaa, lakini hakuwa amemaliza, maana Obeid alikuwa bado anatikisa kichwa kule mbele, bado yuko tayari kubeba. Lilikuwa limebaki jambo moja tu la kumfundisha, na hakujua kama ana haki ya kulifundisha. "Profesa, naomba mwanafunzi aende ubaoni aeleze mfano wa saba. Wote. Pamoja na 'kwa hiyo' aliyoiacha."

Veneranda akaitikia kwa kichwa.

Obeid alichukua chaki. Alichora ukingo, akachora mistari miwili. Mwanzoni alizungumza na ubao, kisha hesabu ikamchukua, akageuka, akaanza kuonyesha kwa mikono jinsi kitendo cha nyumba hii kikifuatwa na cha nyumba ile kinavyofika mbali, na jinsi ambavyo hakitafika kamwe kwenye kusogeza kushoto kupita kiasi fulani, hata ukivuta lastiki vipi. Alieleza kuhesabu vichwa na kuhesabu vipimo, na pale ambapo mtu aliyezoea kimoja anaweza kuteleza kwenye kingine. Alieleza kwa upole mkubwa. Mtu angedhani anasimulia ajali iliyompata ndugu yake.

"Kwa hiyo lema haisimami," alimalizia.

"Lema ya nani?" aliuliza Veneranda.

Nje, mlinzi alikuwa anafagia majani. Obeid alimtazama Batuli kule nyuma, na Batuli akamtazama bila kupepesa, akimwombea.

"Ya mwalimu wangu," Obeid alisema. Goti lake lilikunjika kidogo, bila yeye kujua, kama linavyokunjika mbele ya wazee. "Mwalimu wangu alikosea."

Batuli alikuwa akiyasubiri maneno hayo, alikuwa ameyaomba mwenyewe, na bado yalimuuma kama amepigwa. Aliketi. Machozi yalimtoka, hakuyafuta, hakuona sababu ya kuyafuta.

Profesa Veneranda aliandika kwa muda. "Mfano huu ndio kitu bora kilichomo humu ndani," alisema hatimaye. "Uhamishie sura ya tatu, uuandikie 'kwa hiyo' yake, na lema uiondoe. Mwenyekiti, apite kwa marekebisho madogo. Nampa wiki mbili." Kisha akamgeukia Batuli, akamtazama juu ya miwani. "Na wewe, Dokta, jarida uliandikie. Wakati mwingine soma viambatisho."

"Nitasoma," Batuli alisema.

Gerson alimpeleka Profesa kunywa chai kabla ya safari ya uwanja wa ndege. Alipompita Batuli alimgusa bega. Walibaki wawili chumbani, mwalimu na mwanafunzi, na ubao.

"Mwalimu," Obeid alianza, hajui pa kuiweka chaki. "Naomba unisamehe. Mbele ya watu vile..."

"Wiki mbili ni chache, usizipoteze kwa kuniomba msamaha." Batuli alikuja mbele akasimama karibu na mchoro, akapenga kamasi kwa leso. Kifuani palikuwa pazito, miaka tisa ilikuwa imekaa hapo, na isingeondoka leo wala kesho. Lakini macho yake yalikuwa yameshaanza kufuata mistari. "Nina swali. Si la kukupima. Sijui jibu lake."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hii haikutani kwa sababu umeichora karibu na ukingo. Tuichukue nukta iliyo juu kabisa, huku, mbali. Kule juu mistari ina nafasi. Itakayokosa kukutana si itakuwa michache zaidi?"

Obeid aliutazama ubao. Batuli alimwona anafikiri, akaona jibu linapomfikia, usoni, kabla ya mdomoni.

"Hapana, Mwalimu, hapo umekosea," alisema. "Ukingo hauko mbali na yeyote. Kundi linaichukua nukta hii na kuiweka pale, na mistari yote inahama nayo. Nukta zote zinauona ukingo sawasawa." Alisema bila kushusha sauti wala kugeuka kumtazama, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuchora.